Tairi la spea chini ya chesisi: nilivyochagua jeki ya tela letu

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye changarawe, shavu nusura liguse lami, macho yakiwa pale kichwa cha jeki kilipokutana na bomba la ekseli. Kichwa chenyewe hakikuzidi kifuniko cha soda. Bomba ni la mviringo, kipenyo chake sentimita sita hivi, na ndani ni tupu. Juu ya hapo ilikaa nyumba yetu nzima: vitanda, jiko, friji, tangi la maji, mabegi ya watoto. Ilikuwa Julai, saa tisa alasiri, Barabara Kuu ya 287 kati ya Vernon na Childress, kaskazini mwa Texas. Kila lori lilipopita, upepo wake ulilisukuma tela, na kila tela liliposukumwa niliona kichwa cha jeki kikihama kidogo, unene wa kucha, halafu kinarudi.

Mara ya tatu hakikurudi.

Nikajivuta nyuma kwa viwiko, nikakaa kitako mbali na gurudumu, nikanyoosha mkono na kufungua valvu ya jeki taratibu mpaka tela likalala tena juu ya ringi yake. Mama watoto alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro pamoja na watoto, wamejibana chini ya mwavuli mmoja. Akauliza, "Imekataa?" Nikamwambia hapana, nimeishusha mwenyewe.

Tela ninalolisema hapa si lile la mzigo tunalolijua barabara ya Tunduma. Ni nyumba ya kukokota kwa pikapu: ekseli mbili, magurudumu manne madogo ya inchi 15, kuta nyepesi, na chesisi ya chuma iliyolala chini karibu na ardhi. Wamarekani husafiri nayo kwenda kwenye hifadhi zao na kulala humo. Sisi tulinunua la mitumba, tukalipaka, tukabadilisha godoro, na safari ile tulikuwa tunaelekea bonde la Palo Duro, karibu na Amarillo. Nilikuwa nimekagua taa, breki, minyororo ya usalama, gesi ya jiko. Jeki nilichukua ya chupa, ile fupi ya mafuta inayosimama wima, tani 2, iliyokuwa inakaa gerejini kwa ajili ya gari dogo. Nilijiambia tani 2 zinatosha. Kwa hesabu ya uzito nilikuwa sahihi kabisa, na nitaeleza kwa nini usahihi huo haukunisaidia.

Kabla ya hapo lazima nirudi nyuma, kwa sababu haya yote nilishafundishwa nikiwa kijana wa miaka 20.

Nilikuwa utingo wa lori la tela, Dar hadi Tunduma, wakati mwingine tunavuka Zambia. Dereva wangu nilimwita Mzee, na mpaka leo namwita hivyo. Kazi ya utingo ni kushuka: gari likisimama, wewe unashuka, mlimani unatembea na jiwe au kabari mkononi, tayari kuliweka nyuma ya tairi, pancha ikitokea, wewe ndiye unayeingia chini. Mzee alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata mvua inaponyesha, hata usiku, hata tukiwa na haraka ya foleni ya mpakani. Jeki ikishapanda, kabla hujagusa nati ya mwisho, tairi la spea linalazwa chini ya chesisi. Ukitoa gurudumu bovu, unalisukumia nalo humo, ndipo unachukua spea. Muda wote lazima kuwe na kitu kinene kati ya chuma na ardhi. "Jeki kazi yake kuinua," alikuwa akisema. "Kushika si kazi yake. Usiipe kazi mbili."

Siku moja, kabla hatujaanza kupanda mlima Kitonga, tulisimama na pancha ya tela upande wa kushoto. Jeki ilikuwa nzima, tani 20, haina hata tone la mafuta nje. Lakini mahali nilipoiweka palikuwa na grisi iliyovuja kutoka kwenye springi, na sikupafuta. Nilikuwa nimelaza spea tayari. Nikiwa nimepiga goti, mkono mmoja ndani nikisafisha stadi, yaani boliti zinazoshika gurudumu, nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti kikavu. Jeki ikaruka pembeni. Tela lenye mbolea likashuka juu ya spea, ringi ikanguruma, vumbi likapanda. Kati ya chesisi na ardhi palibaki nafasi ya upana wa tairi lililolala, na mkono wangu ulikuwa ndani ya nafasi hiyo. Niliutoa polepole, mzima. Mzee hakunigombeza. Alikaa juu ya jiwe akawasha sigara, na mikono yake ndiyo iliyokuwa ikitetemeka.

Miaka zaidi ya 20 imepita. Sasa naendesha malori hapa Marekani, na kazini tairi likipasuka sishuki na spana. Napiga simu, anakuja fundi na gari lenye vifaa vyote. Nadhani ndivyo nilivyosahau. Mkono ukikaa muda mrefu bila kushika jeki, kichwa nacho huacha kuiogopa.

Sasa turudi kwenye ile tani 2. Kabla ya safari nilipitisha tela kwenye mizani ya malori: pauni 6,900, karibu kilo 3,130, maji na mizigo ikiwemo. Sehemu ya uzito huo, asilimia 12 hivi, hubebwa na pikapu pale kwenye ndoano. Unaobaki hugawanyika pande mbili. Kwa hiyo kuinua upande mmoja ni kama kilo 1,400. Tani 2 za Kimarekani ni kilo 1,814, kwa sababu tani yao ni pauni 2,000, yaani kilo 907, pungufu ya tani yetu ya kilo 1,000. Bado inatosha. Lakini jeki haikushindwa uzito. Ilishindwa kimo. Ikiwa imesimama hadi mwisho, na skrubu yake ya juu imefunguliwa yote, haikufika kwenye chesisi. Chesisi ilikuwa juu mno kwa jeki hiyo, ekseli ilikuwa chini, na mtu aliyekwama barabarani huweka jeki pale inapofika. Ndivyo nilivyojikuta nimeiweka chini ya bomba la ekseli, mahali ambapo watengenezaji wa ekseli za matela haya wanakataza.

Katazo hilo lina sababu mbili. Ya kwanza niliiona kwa macho: kitu cha mviringo juu ya kichwa kidogo, chuma juu ya chuma, kinateleza. Ya pili huioni siku hiyo. Bomba lile halikunyooka kama mti wa mwamvuli. Kiwandani hupindwa kidogo katikati kuelekea juu, ili likibebeshwa mzigo magurudumu yakae wima. Ukilisukuma kutoka chini kwa nukta moja, unaweza kulipinda zaidi au kulibonyeza, na magurudumu yakaanza kula upande mmoja.

Tulitolewa pale na mkulima wa maeneo hayo. Alisimamisha gari lake nyuma yetu, taa za hatari zikiwaka, akashuka na kofia yake pana, akatazama ile jeki kwa muda, akaniambia kwa upole, "Huko chini hatulali, bwana." Nyuma ya gari lake kulikuwa na vipande vya mbao nene za uzio. Akapanga vitatu kama ngazi mbele ya gurudumu zima la upande uleule, la mbele. Tukalegeza nati za gurudumu bovu likiwa bado limekaa chini, kwa sababu ukisubiri lining'inie litazunguka tu. Kisha mama watoto akaingia kwenye pikapu na kuvuta mbele, nusu hatua kwa nusu hatua, mpaka gurudumu zima likapanda juu ya mbao. Likiwa huko juu, lile bovu likaachia ardhi. Hakuna jeki, hakuna mtu chini.

Ila liliachia vidole viwili tu. Matela mengi ya ekseli mbili yenye springi za bapa yana chuma kinachounganisha springi ya mbele na ya nyuma, kinacheza katikati kama mzani wa dukani. Gurudumu la mbele likipanda, mzani huo hulisukuma la nyuma lishuke. Kwa hiyo sehemu ya kimo ulichopata juu ya mbao unaipoteza. Na tairi la spea lenye upepo kamili ni kubwa kuliko ringi yenye mabaki ya mpira uliochanika, hivyo nafasi iliyotosha kutoa la zamani haikutosha kuingiza jipya. Mkulima akachukua sepetu, akachimba changarawe chini ya kitovu cha gurudumu, shimo la kina cha kiganja, na spea likaingia.

Hakutaka hela. Alikunywa maji ya baridi tuliyompa, akatuonyesha kwa kidole tarakimu nne zilizochorwa ubavuni mwa tairi, mwisho wa herufi za DOT, alama ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Tairi lililopasuka lilikuwa na miaka tisa. Spea tulilofunga lilikuwa na tarakimu zilezile. Tuliendesha hadi Childress kwa mwendo wa baiskeli, taa za hatari zikiwaka, na kesho yake tukanunua matairi matano mapya.

Tuliporudi nyumbani sikwenda dukani kwanza. Jumamosi nililifunga tela kwenye pikapu, kwenye njia ya saruji mbele ya nyumba, nikaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu mawili ya upande wa pili, nikatoa upepo wote kwenye gurudumu moja, nikachukua futi ya kupimia. Hiki ndicho kitendo ambacho ningemwomba kila mwenye tela akifanye kabla hajatoa hata senti. Jeki haichaguliwi kwa tela lililosimama vizuri. Inachaguliwa kwa tela lililolala upande mmoja, kwa sababu huo ndio wakati utakaoihitaji.

Upande ulioishiwa upepo, chesisi nyuma tu ya mahali springi ya nyuma inapofungwa ilikuwa sentimita 44 kutoka chini. Hapo ndipo pa kuinulia: kwenye chuma kinene cha chesisi, karibu na springi, pasipo na ukuta mwembamba wala bomba la maji taka. Kisha, kwa jeki ya kuazima gerejini kazini, niliinua mpaka tairi lenye upepo kamili likaweza kuingia na kutoka bila kugusa chini. Futi ikasoma 56. Sikutegemea iwe kubwa hivyo. Chesisi inapopanda, springi hunyooka na ekseli huifuata ikining'inia, kwa hiyo sentimita za mwanzo zote zinaliwa na springi kabla gurudumu halijaondoka ardhini hata kidogo. Namba zangu zikawa mbili: 44 na 56. Jeki yoyote niliyoitazama baada ya hapo niliiuliza swali hilo moja, inaanzia wapi na inaishia wapi.

Nilizitazama nyingi, na nyingine nilizijaribu.

Ile ya mkasi inayokuja na pikapu ina uzuri wake: ni skrubu tupu, haina mafuta ya kuvuja, haishuki yenyewe. Lakini kitako chake ni chembamba, na kichwa kimechongwa kikae kwenye sehemu maalumu ya pikapu, hakina habari na chesisi ya tela. Kwenye saruji inavumilia. Kwenye changarawe niliona kitako kikizama upande mmoja kwanza, na jeki ya mkasi ikishainama haina njia ya kujirudi.

Jeki ya magurudumu, ile ndefu ya gerejini, wengi huiona ndiyo salama kuliko zote, na kwenye saruji nakubali. Tatizo lake linajificha kwenye mkono wake. Mkono huo haupandi wima. Unapanda kwa upinde, kama mkono wa mtu anayeinua kikombe. Ndiyo maana ina magurudumu: mkono ukipanda, jeki yenyewe hujongea mbele sentimita kadhaa ili kichwa kibaki palepale chini ya mzigo. Nenda nayo kwenye changarawe au udongo. Magurudumu yamezama, jeki haiwezi kujongea, basi kinachojongea ni kichwa, kinakwaruza chesisi kuelekea pembeni huku mzigo uko hewani. Nilijaribu makusudi nyuma ya nyumba, kwa kimo cha sentimita tatu tu, stendi, yaani vigoda vya chuma vya kushikilia mzigo ulioinuliwa, zikiwa zimeshawekwa. Nilisikia chuma kikilia na kuona mstari mweupe wa rangi iliyokwanguliwa. Ilinitosha. Isitoshe ni nzito, na mahali pa kuiweka kwenye pikapu ni kero.

Halafu kuna ile ndefu yenye matundu, ambayo watu wa safari kwetu waliizoea kwa jina la jeki ya Tanganyika. Kwa Land Rover iliyozama matopeni, yenye bampa la chuma, sina neno baya juu yake. Kwa tela la kulala siitaki. Kitako ni kidogo, kimo ni kirefu, mzigo unakaa pembeni mwa nguzo, na tela likisukumwa na upepo wa lori, nguzo nzima inalala. Mpini wake nao ukiponyoka ukiwa na mzigo unarudi kwa nguvu ya kuvunja taya. Watu wawili ninaowafahamu wana makovu.

Na zipo zile nne za pembeni, zilizofungwa tayari kwenye kona za tela. Jirani yetu kwenye kambi ya Palo Duro alikuwa akiinulia gurudumu kwa hizo. Zile kazi yake ni kuzuia tela lisitikisike watu wanapotembea ndani. Zimefungwa mwisho kabisa wa chesisi, mbali na ekseli, kwa hiyo ukiinulia unaikunja chesisi kama mtu anayevunja muwa juu ya goti. Nilimwendea, tukazungumza, nikamwazima mbao zangu. Alizipokea vizuri.

Nikabaki na ileile ya chupa, ila safari hii kwa vipimo. Nilichukua ya tani 6. Tani zile sikuzihitaji kwa uzito. Nilizihitaji kwa sababu jeki kubwa ina kitako kipana na kichwa kipana. Inaanzia sentimita 22, na pamoja na skrubu yake inafika 41. Chini yake inahitaji msingi wa sentimita 20, na msingi huu niliupa muda zaidi kuliko jeki yenyewe. Mbao ngumu, vipande vya sentimita 30, vimepangwa safu kwa safu, safu ya juu ikikata ile ya chini, vimefungwa kwa skrubu viwe kitu kimoja. Upana wake ni mara moja na nusu ya kimo chake. Matofali ya saruji usiweke kamwe. Yanabeba, yanabeba, halafu yanapasuka bila kutoa onyo, ilhali mbao hulia kwanza. Kati ya kichwa cha jeki na chesisi naweka kipande chembamba cha mbao ili chuma kisikae juu ya chuma tupu.

Kuna tabia za jeki ya chupa ambazo dukani hazisemwi. Inataka kusimama wima. Ikiinama, pistoni inasukuma kwa ubavu na sili, zile raba za kuzuia mafuta, zinaliwa. Ikisafiri imelala, mafuta huvuja na hewa huingia, na siku ukiihitaji inapanda kwa kurukaruka au haipandi. Yangu inasafiri wima, kwenye kijisanduku nilichokiundia. Kila mwanzo wa msimu naiinulia tela nyumbani, stendi zikiwa karibu kugusa, naiacha dakika 15, nasoma futi mwanzo na mwisho. Ikishuka hata kidogo haisafiri nasi.

Stendi sasa. Hizi ndizo tairi la spea la Mzee kwa sura nyingine, na kwangu ndizo zenye uzito kuliko jeki. Nilikaribia kununua za tani 3, kwa hesabu ileile ya uzito. Kisha nikakumbuka futi: za tani 3 nilizozikuta dukani zilikuwa fupi, hazikufika 56. Za tani 6 zilikuwa zinaanzia 39 na kufika 60. Kwa mara nyingine kimo ndicho kilichoamua. Kuhusu stendi zenye meno ya kupandisha, soma habari za bidhaa unayonunua: mwaka 2020 hapa Marekani stendi nyingi za tani 3 na tani 6 ziliitwa zirudishwe kwa sababu meno yake hayakuwa yakikamata sawasawa, na mzigo ukihama stendi ingeweza kushuka ghafla. Mimi nilitafuta zenye pini ya chuma inayopenya tundu upande hadi upande. Ukiisukuma pini unaiona imetokea, huhitaji kuamini sauti.

Utaratibu wetu barabarani umekuwa huu. Tela halifunguliwi kamwe kutoka kwenye pikapu, kwa kuwa halina breki ya mkono. Kinacholizuia ni gari lililolibeba na kabari. Watoto na mama yao wanavuka mtaro. Kama mahali ni pembamba, au malori yanapita karibu, hatubadilishi hapo hata kama ringi itaharibika. Tunajikokota hadi penye nafasi, maana ringi inauzwa. Msingi, jeki, inua, stendi, shusha tela kidogo likalie stendi, sukuma tela kwa kiganja uone linavyokaa. Gurudumu linalotoka linalala chini ya chesisi. Hilo la mwisho mafundi wa hapa hulishangaa, kwa kuwa stendi tayari ipo. Nalifanya hata hivyo.

Nati hukazwa kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha ile ya upande wa pili, kwa spana ya kupimia mkazo. Kwa stadi za nusu inchi kama zetu ni futi-pauni 90 hadi 120. Kisha unasimama kukaza tena baada ya kilomita 16, baada ya 40, na baada ya 80, hasa ringi ikiwa ya aluminiamu, kwa sababu hujikalisha taratibu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kwenye kile kituo cha kilomita 40, nati mbili kati ya sita zilizunguka kabla spana haijalia.

Yule mkulima hatukuchukua namba yake, na hili linaniuma. Kuhusu ile ekseli niliyoisukuma kwa jeki, miezi mitano baadaye tairi jipya la upande ule lilianza kuliwa ndani. Karakana moja ya ekseli iliipima na kunionyesha bomba limepinda. Fundi hakuweza kusema ni jeki au ni kishindo cha tairi lilipopasuka. Nililipa ekseli mpya.

Vifaa vyote vilipokamilika nilivipanga juu ya saruji: msingi wa mbao, jeki, stendi mbili, kabari nne, spana, tochi ya kichwani, jamvi la kupigia goti. Nikapiga picha, nikamtumia Mzee kwa WhatsApp. Yuko Makambako siku hizi, macho yamepungua, mjukuu wake ndiye anayemshikia simu. Baada ya saa moja akapiga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hiyo tani 6 ni ya tela la kulala tu?"

Nikamweleza kuhusu kimo, 44 na 56. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza spea linawekwa wapi, nikamwambia chini ya chesisi, kama siku zote. Akanyamaza kidogo, nikamsikia akimwambia mjukuu wake akuze picha.

"Mbao ya juu," akasema. "Ile ya kulia. Ina ufa."

Nilitoka nje na tochi. Ufa ulikuwa mwembamba kama uzi, umeanzia kwenye skrubu na kwenda na mshipa wa mbao hadi ukingoni. Nilifungua skrubu usiku uleule nikaitoa.